Kikao cha Wawili Bustanini kwa Sultani

Nyumba zetu nyingi zina sebule nzuri ya wageni, ila pa mke na mume kuongea hakuna. Sebuleni TV, jikoni dada, chumbani usingizi. Na ukimwambia mumeo mkakae bustanini, atakuuliza kama mmerudi kuwa wanafunzi!

Mwezi wa nne nilikwenda Istanbul na Baba Salma kuchukua mzigo Laleli. Duka la tano akagoma, eti miguu imekufa. Tukapanda tramu vituo vichache, tukashuka Gülhane.

Mwenzangu, pale ni pazuri! Jina lenyewe maana yake nyumba ya waridi. Ilikuwa bustani ya nje ya kasri la Topkapı, walipokaa masultani wa Kiosmani karibu miaka 400 mpaka Abdülmecid alipohamia Dolmabahçe mwaka 1856. Humo humo, mwaka 1839, ilisomwa amri yake ya kuahidi raia wote usalama wa maisha, heshima na mali. Mwaka 1912 bustani ikafunguliwa kwa watu wote. Siku hizi unaingia bure, na mwezi wa nne tulipu zimejaa kama zulia. Watu husema ni ua la Uholanzi, kumbe Waholanzi walilipata kwa Waturuki.

Kilichonivutia zaidi ni wazee. Babu na bibi benchi moja, kimya, wanagawana mkate wa ufuta. Hakuna anayewashangaa.

Nasi tukanunua mkate wetu, tukakaa. Ndipo Baba Salma akaniambia kwamba tangu Februari ana barua ya uhamisho wa Mwanza, na jibu linatakiwa tukirudi tu.

Tangu Februari! Damu ilinichemka, yaani nilitaka kunyanyuka. Akasema, "Mama Salma, nyumbani ningekwambia saa ngapi? Wewe dukani mpaka saa tatu usiku, ukirudi mama yuko sebuleni, watoto wana homuweki."

Hilo sikukubali, na mpaka leo sikubali. Barua ya miezi miwili inapata dakika kumi hata kwenye daladala. Lakini ugomvi ule ungekula siku nzima, nikamwuliza jambo moja tu: anataka kwenda na sisi, au anataka kwenda?

Alichelewa kujibu. Akawa anamega mkate, anawarushia ndege, mpaka ukaisha.

"Peke yangu siwezi," akasema.

Basi tukapiga hesabu pale pale. Pango la duka langu limelipwa mpaka Desemba. Atangulie Julai, Salma amalize mtihani, mimi niuze kilichopo, nifuate Januari. Mama tutamwuliza mwenyewe, tusimwamulie. Tulikaa mpaka baridi ikatutoa.

Kesho yake Laleli nilinunua nusu ya mapazia niliyopanga.