Ua wa kuchezea, kifua cha mtoto

Katika mchezo wa vita wa mezani, wachezaji husogeza vijisanamu vya askari katika mandhari waliyoitengeneza wenyewe. Wengi hupenda mashamba ya Normandy, Ufaransa, ambako mwaka 1944 wanajeshi wa Marekani walisonga kwa shida kwa sababu kila shamba lilizungushiwa tuta la udongo lenye miti na vichaka juu yake.

Tuta hukatwa kwenye ule ubao mwepesi mweupe unaokuja na boksi la televisheni, kisha hupakwa gundi nyeupe na kunyunyiziwa mchanga. Nyuzi za makumbi ya nazi huwa vichaka. Kipande cha zulia la mlangoni la makumbi huwa shamba la ngano.

Mzazi awe makini wakati wa kukata. Wengine hutumia waya wa moto, na ubao huo ukiyeyuka hutoa moshi unaowasha macho na koo. Mtoto mwenye pumu anaweza kubanwa kifua. Mzazi akate mwenyewe kwa kisu kikali. Akitumia waya, akatie nje, mtoto akiwa mbali.

Kupaka gundi na kubandika vichaka amwachie mtoto. Vijisanamu viwekwe mbali na mdogo wake wa chini ya miaka 3, maana vinaweza kumkaba koo.