Foleni za Orlando: mi nakataa kuuziwa nafasi yangu

Najua nimepotea humu ndani, mitihani ya katikati ya muhula ilinibana kisawasawa. Sasa nimerudi, na nimekuta ujumbe kama kumi hivi wenye swali lile lile: "We si uko Orlando, tukija likizo hizo foleni za michezo tunazikwepaje?" Mmoja yuko Houston, wawili wako Columbus, na mmoja yuko Dar, viza bado hajapata lakini bajeti ameshapiga. Nimeona nijibu hapa hapa mara moja kwa wote, halafu niseme na la moyoni kuhusu hii biashara ya kuuziana foleni, maana naona watu wanaipita kama kitu cha kawaida tu.

Sisi tuliokulia Dar tunadhani foleni tunaijua. Tumekaa Ubungo, tumekaa Mwenge, tumesinzia kwenye daladala mpaka konda akatuamsha. Lakini kule hakuna anayekuchaji kiingilio ili ukae foleni! Hapa watu wanasafiri kutoka mabara mengine, wanalipa, halafu wanasimama. Hagrid's Magical Creatures Motorbike Adventure, pikipiki ya Harry Potter pale Universal, ilipofunguliwa Juni 2019 foleni ilifika saa kumi siku ile ya kwanza. Saa kumi za kusubiri, jamani, siyo saa kumi jioni. Mtu angeweza kupanda ndege hapa akashuka Ulaya.

Sasa kwa nini inakuwa hivyo? Kuna kanuni moja tumeifundishwa muhula huu, inaitwa kanuni ya Little, kwa jina la John Little wa MIT aliyeithibitisha mwaka 1961. Ukiivua nguo zake za hesabu inabaki maneno machache: idadi ya watu walioko kwenye foleni ni sawa na kasi wanayoingia mara muda ambao kila mmoja anakaa. Kwa hiyo ukitaka kujua utasubiri kiasi gani, usiangalie urefu wa foleni, angalia mchezo wenyewe unameza watu wangapi kwa saa. Pirates of the Caribbean pale Magic Kingdom ni mashua zinazofuatana bila kukatika, inameza watu kwa maelfu kila saa. Dumbo, wale tembo wanaozunguka, wanabeba watu wachache, wanasimama, wanashusha, wanapakia upya. Foleni fupi ya Dumbo inaweza kukuchosha kuliko foleni ndefu ya mashua. Ndiyo maana mwaka 2012 waliongeza mzunguko wa pili wa tembo, na watoto wakapewa hema la kuchezea huku wazazi wanasubiri na kidude cha kuwaita zamu ikifika.

Hilo hema mi nalisifia. Kuna jamaa anaitwa David Maister, aliandika mwaka 1985 kuhusu saikolojia ya kusubiri. Anasema muda ukiwa na shughuli unaonekana mfupi, na kusubiri usikojua mwisho wake kunaonekana kurefu kuliko kusubiri ulikoambiwa dakika zake. Halafu akagusa penyewe: kusubiri kusiko kwa haki kunauma kuliko kusubiri kwa haki. Hawa wenye bustani za burudani mambo yote hayo wanayajua vizuri. Foleni inakatwa kona kona usiione yote. Unaingia chumba cha kwanza unaonyeshwa filamu, unadhani umefika, kumbe bado. Hata ule ubao wa dakika mlangoni, mara nyingi unataja dakika nyingi kuliko utakazokaa kweli, ili ukipita mapema utoke unacheka. Ujanja, lakini ni ujanja usioniumiza.

Kinachoniumiza ni hilo la haki.

Turudi nyuma kidogo. Disneyland ya California ilifunguliwa Julai 1955, na kwa miaka mingi baadaye ulikuwa unanunua kitabu cha tiketi, kila mchezo na tiketi yake kwa herufi, A mpaka E, na E ndiyo michezo mikali. Mfumo huo ulikufa mwaka 1982, wakaleta kiingilio kimoja, ukishaingia panda utakacho. Watu walifurahi, na mi ningefurahi. Ila angalia kilichotokea: zamani mtu alifikiria mara mbili kabla ya kutumia tiketi yake ya E, sasa kila mtu anakimbilia mchezo ule ule mmoja. Bei ikiondoka, foleni ndiyo inakuwa bei. Unalipa kwa miguu.

Mwaka 1999 Disney wakaleta FastPass. Unachomeka tiketi yako kwenye mashine, inakupa kikaratasi chenye muda wa kurudi, ukirudi unapita pembeni. Bure kwa wote. Aliyetoka Manhattan na aliyetoka kijijini wote walipata kikaratasi kile kile, mwenye kuwahi ndiye mwenye nacho. Walikuwepo wajanja wenye kujua mfumo zaidi ya wengine, hilo sikatai, lakini hakuna aliyeinunua. Oktoba 2021 ikaja Genie+, dola 15 kwa mtu kwa siku, ya bure ikazikwa. Leo inaitwa Lightning Lane, bei inapanda na kushuka kulingana na siku. Na mwisho wa Oktoba 2024 wakaleta ile kubwa, Premier Pass, kati ya dola 129 na 449 kwa mtu mmoja, kwa siku moja, kwa bustani moja. Juu ya kiingilio! Na kiingilio chenyewe cha Magic Kingdom siku za Krismasi kimeshagusa karibu dola 200. Universal nao wana Express yao ya kulipia, siku nyingi tu kabla ya hapo, kwa hiyo siyo Disney peke yao.

Sasa fanya hesabu ya mbeba boksi. Sisi wenye viza ya mwanafunzi tunaruhusiwa kufanya kazi saa 20 tu kwa wiki humu chuoni muhula ukiendelea. Kima cha chini cha mshahara hapa Florida kilifika dola 14 kwa saa Septemba 2025. Gawa 449 kwa 14, unapata saa 32. Yaani wiki nzima na nusu na zaidi ya kupanga vitabu maktaba, kabla ya kodi, ili siku moja usisimame. Na hapo hujalipa kiingilio, wala hujala.

Mshikaji wangu mmoja wa Mombasa tunaishi naye, anasoma uchumi, huwa tunabishana hili mpaka chai inapoa. Yeye anasema: "Kaka, mwenye pesa anunue muda, mwenye muda atumie muda. Kwenye ndege si kuna daraja la kwanza? Mbona huko hulii?" Nimelifikiria sana, na nina jibu. Daraja la kwanza la ndege halinicheleweshi mimi wa nyuma kufika. Tunatua pamoja. Foleni haiko hivyo, nafasi anayopewa yule inatoka kwangu.

Chukua mfano, namba ni zangu za kufundishia tu. Mchezo unameza watu 1,800 kwa saa. Mbele yako wapo 540. Foleni ikiwa moja, unapanda baada ya dakika 18. Sasa mlinzi wa mlangoni aambiwe katika kila watu kumi, saba watoke upande wa waliolipia. Upande wako zinabaki nafasi 540 kwa saa. Watu wale wale 540 mbele yako wamekuwa saa nzima. Mshikaji akanirukia: hao saba nao wangekuwa mbele yangu kwenye foleni kama wasingelipia. Sawa, wengine wangekuwepo. Lakini angalia tofauti: asiyelipia akiwa kwenye foleni yuko hapo tu, hawezi kuwa pengine. Aliyelipia nafasi yake inamngojea huku, na mwili wake uko kwenye foleni nyingine kule. Mtu mmoja, foleni mbili. Ukizidisha kwa maelfu, bustani nzima inakuwa na foleni nyingi kuliko watu waliomo. Mchezo haujaongeza hata kiti kimoja. Walichofanya ni kuchukua dakika zangu na kumuuzia mwingine, na mimi kiingilio nililipa.

Na kuna kitu kinanikera zaidi ya hesabu. Huko nyumbani tunajua habari ya mtu anayepita dirishani na bahasha wakati wenzake wamekaa kwenye benchi tangu alfajiri. Tunaguna, tunasonya, mara nyingine mama mmoja mwenye roho anasimama anasema, na yule mtu anaona aibu japo kidogo. Hapa aibu imetolewa kabisa, bei imebandikwa kwenye simu. Nimesimama na wapwa zangu, dada na shemeji walikuja wakati wa kiangazi, kwenye bustani moja hapa mjini, na yule mdogo akauliza, "Anko, wale mbona wanapita?" Shemeji akakohoa tu. We ungemjibu nini mtoto wa miaka sita? Kwamba baba yake anaendesha lori usiku ili wafike hapo, ila hajaendesha vya kutosha?

Basi, nimeshatapika. Sasa majibu yenu, maana najua mtakuja tu, hata mimi naenda.

Wa Columbus: msije wiki ya Krismasi mpaka mwaka mpya. Nasema tena, msije. Ni wiki mbaya kuliko zote. Kama mnaweza kutoroka, njooni mwisho wa Januari siku za katikati ya wiki, au Septemba baada ya sikukuu yao ya wafanyakazi, watoto wakiwa wamerudi shule. Septemba kuna joto na vimbunga, lakini dirisha la kupumua lipo. Kiangazi jueni kwamba mchana kuna mvua za radi karibu kila siku na michezo ya nje inafungwa. Msikimbie kurudi hotelini mvua ikianza. Vaeni koti la plastiki, subirini, wenzenu wakishaondoka bustani inakuwa yenu.

Kuwahi asubuhi ndiyo dawa kubwa, hakuna nyingine inayoikaribia. Kama geti linafunguliwa saa tatu, we saa mbili na nusu uwe umesimama, siyo uko kwenye maegesho unatafuta viatu. Wanaolala kwenye hoteli za Disney wanaingia nusu saa kabla yako, kwa hiyo mchezo mkali kuliko wote usiuendee kwanza kama wao wameshaujaza. Chukua wa pili na wa tatu kwa ukali, ule mkubwa uuachie usiku. Saa sita mpaka saa tisa mchana acha kugombania, hapo ndipo foleni zinanenepa. Kula saa tano watu hawajaanza, kisha ingia kwenye maonyesho ya ndani yenye kiyoyozi.

We wa Houston unayekuja na watoto: pima urefu wao nyumbani ukutani. Flight of Passage na Space Mountain wanataka sentimita 112. Nimeona mtoto anarudishwa analia, na baba yake anataka kupigana na kijana wa watu mwenye fimbo ya kupimia. Na mkiwa na kichanga, ulizeni mlangoni utaratibu wa kupokezana: mzazi mmoja anapanda, mwingine anabaki na mtoto, kisha wanabadilishana bila kupanga upya foleni. Hiyo ni bure na watu wengi hawaiulizi.

Mabachela, tafuteni mlango wa mtu mmoja mmoja, Expedition Everest wanao. Mnaingia kujaza viti vilivyobaki, hamtakaa pamoja, lakini mnaokoa muda mwingi. Kwani mkipiga kelele mnahitaji kushikana mikono?

Maji msinunue. Kwenye kaunta za Disney zinazouza vinywaji ukiomba kikombe cha maji ya barafu wanakupa bure, na chakula chako mwenyewe unaruhusiwa kuingia nacho. Mi huwa naenda na chapati. Bebeni na chaja ya akiba, kwa sababu dakika za foleni zote ziko kwenye simu siku hizi, na simu ikizima umekuwa kipofu.

Halafu hii ya mwisho ndiyo naipenda. Kwa kawaida ukiingia kwenye foleni kabla ya dakika ya kufunga, wanakupandisha hata kama bustani imeshafungwa. Wakati wengine wote wanatazama fataki na kupiga picha za kasri, nenda kwenye mchezo ule mkubwa ulioukwepa asubuhi. Walionunua Lightning Lane saa hizo wengi wamechoka, wako kwenye basi.

Wa Dar, we pata kwanza viza, mengine tutaongea. Zamu yangu maktaba inaanza saa kumi na moja na sijala. Mwenye kubisha kuhusu zile saa 32 aniandikie hapo chini, kikokotoo ninacho.