Hazina iliyofichika na mashine ya dhahabu: ni nani mwenye kutoa ruhusa?



Wapendwa waamini, siku chache baada ya mafundi kuanza kubomoa nyumba ya zamani ya mapadre katika parokia ninayohudumu hapa milimani Usambara, vijana watatu walinifuata ofisini wakati wa jioni. Walikuja kwa adabu. Mmoja alibeba begi refu, na ndani yake mlikuwa na mashine ya kutambua metali, ile ambayo wachimbaji wadogo huiita detekta. Ombi lao lilikuwa fupi: waruhusiwe kupita juu ya msingi kwa usiku mmoja tu, kabla kifusi hakijazolewa. Wakipata kitu, nusu ingekuwa ya parokia na nusu yao. Wasipopata, hakuna aliyepoteza.

Nakiri kwamba sikuwajibu papo hapo. Paa la kanisa letu linavuja, na wazo la kwanza lililonijia halikuwa Amri ya Saba, bali bei ya mabati. Niliwaomba warudi baada ya siku tatu. Katika siku hizo niliwauliza wazee, nikafungua sheria za nchi, Sheria za Kanisa na maandishi ya Mtakatifu Thoma wa Akwino. Makala haya ni tunda la siku hizo, nami nayaandika kwa sababu najua ombi kama hilo haliwezi kuishia kwangu. Lushoto inajengwa, nyumba za kale zinabomolewa, barabara zinachongwa, misingi mipya inachimbwa. Tena mwaka 2025 bei ya dhahabu ilipanda kuliko wakati wowote uliotangulia: mwezi Machi wakia moja ilivuka dola 3,000 za Marekani, na Oktoba mwaka huohuo ikavuka dola 4,000. Mahali penye kifusi cha kale na bei ya namna hiyo, detekta haikawii kufika.

Tetesi za mali ya Mjerumani

Chanzo cha yote ni simulizi ambalo wengi wetu tumekua nalo: kwamba Wajerumani walipokimbia walifukia dhahabu chini ya majengo yao, wakaacha alama kwenye mawe na miti. Lushoto, iliyoitwa Wilhelmstal kwa heshima ya Kaisari Wilhelm, ilikuwa makao ya utawala wa wilaya, na majengo ya enzi hiyo yangalipo. Ndiyo maana simulizi hili lina nguvu hapa kuliko mahali pengine.

Hata hivyo, historia yenyewe inasema nini? Ni kweli kwamba mwaka 1916 serikali ya kikoloni ilifua sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo. Zilifuliwa Tabora, katika karakana ya reli, kwa dhahabu ya Sekenke, kwa sababu vita vilikuwa vimekata njia ya bahari na fedha zilikuwa zimeadimika. Idadi yake ilikuwa takriban 16,000, kila moja ikiwa na uzito wa gramu saba na kidogo. Ukizikusanya zote pamoja, dhahabu safi iliyomo haifiki kilo 90. Ufuaji ulianza Aprili 1916. Ilipofika Juni, Wilhelmstal ilikuwa tayari mikononi mwa Waingereza. Isitoshe, reli ya Usambara na Reli ya Kati hazikuwa zimeunganishwa. Ni vigumu kuona kwa njia gani masanduku ya sarafu hizo yangetoka Tabora, yakapita katikati ya majeshi ya adui, yakafukiwa chini ya jiko la nyumba ya Lushoto. Serikali iliyofua sarafu kwa sababu ya ukata haikuwa na dhahabu ya kuacha nyuma.

Kuna pia tetesi ya zebaki nyekundu, inayosemwa kuwa na thamani isiyo na kifani. Hakuna mwanasayansi aliyewahi kuthibitisha kwamba kitu hicho kipo kama kinavyoelezwa. Mwaka 2009 uvumi huohuo uliwafanya watu nchini Saudi Arabia kununua cherehani kuukuu za Singer kwa bei za ajabu, wakiamini kwamba zebaki hiyo imo ndani yake. Tamaa haina kabila wala utaifa.

Mkono wa nani hutia sahihi?

Mtu anaweza kusema: basi, kama hakuna kitu, kuna ubaya gani kuwaacha vijana watafute? Hapa ndipo suala la ruhusa linapokuja, na ndipo wengi tunapokosea kwa kudhani kwamba aliyeshika ufunguo wa geti ndiye mwenye ruhusa.

Katika eneo la ujenzi au ubomoaji, mlinzi hawezi kutoa ruhusa, wala msimamizi wa mafundi. Mkandarasi amekabidhiwa eneo kwa ajili ya kazi iliyo katika mkataba, na anawajibika kwa usalama wa kila mtu aliye ndani yake. Anaweza kumzuia mtu kuingia, lakini hawezi kugawa kisichokuwa chake. Mwenye nyumba anaweza kuridhia mtu apite juu ya kiwanja chake, ila naye ana mipaka. Kwa sheria zetu, ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Hati humpa mtu haki ya kuitumia ardhi, lakini madini yaliyo chini yako chini ya sheria nyingine na leseni nyingine.

Kuhusu vitu vya kale, ipo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Sheria hii inakataza mtu kuchimba kwa lengo la kutafuta mabaki ya kale bila leseni, na inamtaka anayekutana nayo kwa bahati atoe taarifa kwa mamlaka bila kukawia. Kuyapeleka nje ya nchi nako kunahitaji kibali. Vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 vinalindwa kwa umri wake tu. Vya baadaye, vikiwamo vya enzi ya Mjerumani, vinaweza kulindwa kwa tangazo la Serikali. Sisi wa Usambara tuutazame vizuri mwaka huo. Kimweri ye Nyumbai, mfalme mkuu wa Washambaa aliyetawala akiwa Vuga, alifariki mwaka 1862. Maana yake ni kwamba jembe, mkuki au bangili ya zama zake ni mali inayolindwa na sheria, na detekta haina uwezo wa kutofautisha mkuki huo na msumari wa Mjerumani. Hulia tu, na jembe hufuata.

Kwa upande wa mali ya Kanisa, paroko ndiye wa kwanza kufungwa mikono. Kanuni ya 1284 inamdai msimamizi awe mwangalifu kama baba mwema wa familia na ashike sheria za Kanisa pamoja na za nchi. Kanuni ya 1281 inasema kwamba mambo yanayovuka usimamizi wa kawaida yanahitaji idhini ya maandishi ya Askofu. Kanuni ya 1292 inakwenda mbali zaidi: vitu vyenye thamani ya sanaa au historia haviwezi kuondolewa katika miliki ya Kanisa bila ruhusa ya Kiti Kitakatifu. Kwa hiyo lile pendekezo la nusu kwa nusu halikuwa juu ya mali yangu. Ningegawa kisichokuwa changu, tena usiku.

Wala msidhani kwamba haya ni masharti ya nchi maskini. Nchini Uingereza, ambako watu wengi hutafuta metali kwa kujifurahisha, ruhusa ya mwenye ardhi ni ya lazima, na Sheria ya Hazina ya mwaka 1996 humtaka aliyepata hazina kutoa taarifa ndani ya siku 14. Nchini Ujerumani, mtafutaji huhitaji kibali cha mamlaka ya urithi ya jimbo husika. Wajukuu wa wale tunaodhani walitufukia dhahabu hawaruhusiwi kuchimba kwao kama tunavyotaka kuchimba hapa.

Kilichopotea bila kupatikana kitu

Mzee mmoja aliyewahi kuwa katekista alinisimulia habari za mama mjane katika kitongoji cha jirani. Wageni walimwambia kwamba mashine imelia chini ya sakafu ya nyumba aliyoachiwa na mumewe. Wakamtaka achangie gharama za kukodi mashine kubwa zaidi na za mtaalamu wa kuondoa mizimu inayolinda mali. Mama akauza mtamba wake. Shimo lilichimbwa siku nne, likatoa bawaba, misumari na kipande cha bati. Wageni wakaondoka. Mvua za masika zilipokuja, ukuta uliokosa msingi ukaanza kuinama, na leo mama huyo analala kwa mwanawe.

Wapendwa, tunaishi kwenye miteremko mikali, na ukuta wa kale ukishachimbuliwa chini hausubiri. Wote tunakumbuka Kariakoo, Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa lilipoporomoka na kuua watu zaidi ya 20. Anayechimba chini ya msingi wa jengo anacheza na roho za watu.

Tena kuna makaburi. Karibu na misheni nyingi za kale, kuanzia Gare, iliyoanzishwa na Watrapisti mwishoni mwa karne ya 19, wamelala wamisionari, makatekista na waamini wa kwanza. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2300, inatutaka tuiheshimu miili ya marehemu katika imani na matumaini ya ufufuko. Kaburi si eneo la utafutaji, na hakuna mtu mwenye kutoa ruhusa hiyo, awe paroko au mwenyekiti wa kijiji.

Tusisahau pia kumbukumbu ya taifa. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda aliandika mwaka 2001 juu ya uharibifu wa urithi wa kiakiolojia Tanzania na kuuita gharama ya kutojua. Baba Mtakatifu Fransisko, katika Laudato si', namba 143, alifundisha kwamba urithi wa historia na utamaduni nao uko hatarini, sambamba na urithi wa asili. Tunadai, na kwa haki, kwamba mabaki ya wahenga wetu na vitu vyao vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni virudishwe kutoka Ulaya. Tutadai kwa sauti gani, ikiwa vilivyobaki kwetu tunavipiga sururu usiku?

Mtu yule wa Injili

Vijana wangu waliporudi, mmoja wao, niliyemfundisha Kipaimara, alikuwa amejiandaa. Akaniuliza: "Padre, mbona katika Injili mtu alipata hazina shambani akafurahi, na Yesu hakumlaumu?"

Ni swali zuri. Mfano huo umo katika Mathayo 13:44. Bwana wetu hafundishi hapo sheria ya vitu vilivyookotwa. Anafundisha kwamba Ufalme wa Mungu unastahili kuuziwa vyote. Hata hivyo, Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae anapozungumzia wizi, aligusia jambo hilohilo. Anaeleza kwamba hazina ya kale isiyo na mwenyewe inaweza kuwa ya aliyeipata, lakini sheria ya nchi ilimdai ampe mwenye shamba nusu. Ndiyo sababu mtu wa mfano ule alilinunua shamba kwanza, apate haki ya kuimiliki hazina yote. Alilipa, na kwa kulipa aliuza vyote alivyokuwa navyo. Hakuja na tochi, hakumhonga mlinzi.

Niliwaambia hapana, nikawaeleza sababu kama nilivyozieleza hapa. Yule kijana akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Sawa, Padre. Lakini sisi tufanye nini?" Swali hilo lilinigusa kuliko lile la Injili, kwa sababu nyuma ya detekta ile hakukuwa na mwizi, bali kijana mwenye cheti cha kidato cha nne na mashine ya mkopo. Anayewakataza vijana kuchimba bila kuwatazama usoni amefanya nusu ya kazi. Nilizungumza na mkandarasi, na vijana wawili wakapata kibarua cha kuzoa kifusi mchana kweupe, wakivaa kofia ngumu. Wa tatu hakurudi.

Halmashauri ya parokia nayo imeamua mambo matatu, nami nayapendekeza kwa parokia nyingine. Kabla ya kubomoa jengo lolote la zamani, lipigwe picha na wazee waulizwe habari zake. Mkataba wa mkandarasi uandikwe wazi kwamba kitu chochote cha kale kikionekana, kazi isimame mahali pale, na taarifa ipelekwe kwa paroko, kwa Askofu na kwa serikali ya mtaa, ili Idara ya Mambo ya Kale ijulishwe. Na anayetaka kutafuta kwa mashine alete maombi kwa maandishi, mchana, yakiambatana na leseni inayotakiwa. Asiye nayo aelekezwe kwanza kwenye ofisi za halmashauri ya wilaya.

Msingi wa nyumba ya zamani umeshazolewa. Katika kifusi tulipata kufuli moja la chuma na vigae vyenye alama ya kiwanda. Vimewekwa kabatini ofisini kwangu, vikiwa na kikaratasi cha tarehe, na watoto wa Utoto Mtakatifu wamekwisha kuja kuvitazama.