Rangi, Mbolea na Petroli: Historia ya I.G. Farben na Somo la Kemia

Kila mwaka, katika vidato vya juu vya shule zetu, mwalimu wa kemia huandika ubaoni mlingano wa amonia: naitrojeni na haidrojeni upande mmoja, amonia upande wa pili, na katikati mishale miwili, wa kwenda na wa kurudi. Juu ya mishale huandika kichocheo, yaani chuma, kisha halijoto na kanieneo. Wanafunzi hunakili, huambiwa kwamba njia hiyo ni ya Haber na Bosch, na kwamba amonia ndiyo mama wa mbolea. Basi, somo limekwisha. Mimi nami nilifundishwa hivyo, na kwa miaka kadhaa nimewafundisha wengine hivyo hivyo. Katika makala haya nataka kudai kwamba tumekosea. Mlingano ule haukuzaliwa ubaoni. Ulikuzwa ndani ya kampuni, kwa fedha za kampuni, na kampuni hiyo baadaye iliungana na wenzake ikawa I.G. Farben, jitu kubwa kuliko makampuni yote ya kemikali duniani kwa zama zake. Mwanafunzi asiyejua habari za jitu hilo anaujua mlingano nusu tu.

Neno "Farben" katika Kijerumani maana yake ni rangi, na kwa kweli mambo yote yalianza kwa rangi za kutilia nguo. Mwaka 1856, mjini London, kijana wa miaka 18 jina lake William Perkin alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini kutokana na vitu vitokavyo katika lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata, alipata rangi ya zambarau. Uvumbuzi ulikuwa wa Uingereza, lakini waliofaidi zaidi ni Wajerumani, kwa sababu wao walijenga maabara ndani ya viwanda na kuwaajiri wanakemia waliohitimu vyuo vikuu. Bayer na Hoechst zilianzishwa mwaka 1863, na BASF mwaka 1865. Mwaka 1897 BASF ilianza kuuza nili iliyotengenezwa kiwandani. Katika muda usiofika miaka 20, mashamba ya nili ya Bengal na Bihar, yaliyokuwa yakiuza rangi hiyo kwa dunia nzima, yalikuwa yamekufa.

Hapa naomba tusiharakishe kulia. Mashamba yale hayakuwa pepo. Wakulima wa Bengal walikwisha kuasi mwaka 1859 kwa sababu ya kulazimishwa na mabwana shamba wa Kiingereza kulima nili badala ya chakula. Na nili ya kiwandani ilipoangusha bei, mabwana hao walijua namna ya kujiokoa: waliwapandishia wakulima kodi ya ardhi, ikawa ndiyo malipo ya kuachiliwa wasilime tena zao ambalo mabwana wenyewe hawakulitaka. Malalamiko ya wakulima wa Champaran ndiyo yaliyompeleka Gandhi huko mwaka 1917. Msomaji wa Tanga au wa Morogoro hahitaji maelezo marefu juu ya jambo hili. Mwaka 1964 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 200,000 za mkonge. Kisha zikaja kamba za plastiki zitokanazo na petroli, na maabara za mbali zikaamua kima cha mshahara wa mkata mkonge ambaye hakupata hata siku moja kuyasikia majina yao.

Turudi kwenye amonia, maana hapo pana ufundi ambao hata leo unanistaajabisha. Fritz Haber alipoonyesha mwaka 1909 kwamba amonia yaweza kutengenezwa kwa kanieneo kubwa, chombo chake kilikuwa kidogo, cha kukaa juu ya meza. Kazi ya kukigeuza kiwanda ilimwangukia Carl Bosch wa BASF, mwanakemia aliyekuwa pia amejifunza kazi ya vyuma. Mitungi yake ya kwanza ya chuma cha pua ilipasuka baada ya siku chache tu. Bosch alikata vipande vya chuma kilichopasuka akavichunguza kwa hadubini, akagundua kwamba haidrojeni, ikiwa katika joto na kanieneo kubwa, huingia ndani ya chuma cha pua na kuiondoa kaboni inayokipa ugumu wake. Dawa aliyoipata ilikuwa nyepesi kama dawa ya bibi: ndani ya mtungi aliweka bitana ya chuma laini kisicho na kaboni ya kupotea, na ukuta wa nje wa chuma kigumu akautoboa vitundu vidogo, ili haidrojeni ipenyayo itoke zake bila kudhuru. Wakati huohuo wenzake walifanya majaribio kwa maelfu, wakitafuta kichocheo cha bei nafuu mahali pa osmi, madini adimu aliyoyatumia Haber. Mwaka 1913 kiwanda cha Oppau kilianza kazi.

Mwaka uliofuata vita vilianza. Manowari za Uingereza ziliizuia Ujerumani isipate chumvi ya naitreti kutoka Chile, na bila naitreti hakuna baruti. Amonia ya Oppau ikageuzwa asidi ya naitriki, na asidi ikawa baruti. Kiwanda cha pili kilijengwa Leuna. Mwaka 1921, vita vilipokuwa vimekwisha, ghala la mbolea la Oppau lililipuka likaua watu zaidi ya 500. Mbolea ilikuwa imeganda, na desturi ilikuwa kuilegeza kwa baruti. Jambo hilo lilikuwa limefanywa mara nyingi sana bila madhara.

Muungano wenyewe ulikuwa ndoto ya Carl Duisberg wa Bayer, aliyezuru Marekani mwaka 1903 akavutiwa na jinsi makampuni ya huko yalivyoungana kuua ushindani. Alianza kwa mapatano ya mwaka 1904, na mwezi wa Desemba 1925 makampuni sita yakawa moja: BASF, Bayer, Hoechst, Agfa, Griesheim-Elektron na Weiler-ter-Meer. Duisberg aliongoza baraza la usimamizi, Bosch akawa mkuu wa uendeshaji.

Sasa nafika mahali ambapo naachana na wengi wa waandishi wa historia hii. Mara nyingi husimuliwa kama hadithi ya gesi ya sumu: kampuni ya wanasayansi ikaingiwa na shetani, ikatengeneza gesi ya kuulia watu. Ni kweli kwamba Zyklon B, iliyotumika katika vyumba vya mauaji, iliuzwa na kampuni ya Degesch, ambayo I.G. Farben ilikuwa na asilimia 42.5 ya hisa zake. Lakini ukianza na gesi hutaielewa kampuni hata kidogo. Yafaa kuanza na petroli.

Bosch aliamini kwamba mafuta ya ardhini yangekwisha upesi. Ujerumani ilikuwa na makaa ya mawe tele, na Friedrich Bergius alikuwa ameonyesha kwamba makaa hayo yakichanganywa na haidrojeni katika kanieneo kubwa hugeuka mafuta. Nani aliyejua kazi ya kanieneo kubwa kuliko watu wa Bosch? Kampuni ilimimina fedha nyingi mno Leuna, na petroli ya makaa ilianza kutoka mwaka 1927. Bosch na Bergius walipata Tuzo ya Nobel pamoja mwaka 1931. Kumbe mwaka 1930 mafuta mengi yalikuwa yamegunduliwa Texas Mashariki, tena katikati ya mdororo mkuu wa uchumi. Bei ya petroli duniani ikaporomoka. Kila lita iliyotoka Leuna ikawa hasara. Zilibaki njia mbili: kukifunga kiwanda na kukubali kwamba fedha zile zimepotea, au kutafuta mtu wa kuinunua petroli ghali kwa sababu zisizokuwa za soko.

Mtu huyo alikuwa serikali iliyokuwa ikijiandaa kwa vita. Tarehe 20 Februari 1933 wenye viwanda waliitwa nyumbani kwa Göring wakutane na Hitler, na I.G. Farben ilichangia uchaguzi wa chama chake marki 400,000. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo mkataba ulitiwa sahihi: kampuni ingepanua uzalishaji wa petroli, na serikali ingehakikisha bei na ununuzi kwa miaka kumi. Sioni katika mkataba huo neno moja la chuki ya kabila au dini. Ni karatasi ya biashara, na wahasibu wa nchi yoyote wangeisifu. Hata hivyo, tangu siku hiyo faida ya kampuni ilitegemea hitaji la jeshi, na baada ya petroli ulifuata mpira wa kutengenezwa, uitwao Buna.

Bosch mwenyewe hakuwa mfuasi wa Hitler. Aliwatetea wanasayansi wa Kiyahudi, na Haber, aliyekuwa Myahudi kwa asili, alipofia ugenini mwaka 1934, Bosch alihudhuria kumbukumbu yake mwaka uliofuata ingawa serikali haikupendezwa. Wema wake haukuuzuia mkataba wake. Kufikia mwaka 1938 Wayahudi wote walikuwa wameondolewa katika uongozi wa kampuni. Naye alifariki mwaka 1940, akiwa amevunjika moyo.

Mwaka uliofuata kampuni ilianza kujenga kiwanda cha Buna karibu na kambi ya Auschwitz, katika Poland iliyotekwa. Wahandisi walikuwa na sababu zao za kitaalamu: makaa ya mawe, maji, reli, chokaa, na kambi ilikuwa na watu wa kufanya kazi. Kampuni iliwalipa walinzi wa kambi, si wafungwa, marki tatu kwa siku kwa kibarua na nne kwa fundi. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa njaa, baridi na kazi, na waliodhoofika walirudishwa kuuawa. Mwanakemia wa Italia, Primo Levi, aliyekuwa mfungwa huko, alisimamishwa katika nguo zake za mfungwa mbele ya daktari wa kemia wa kiwanda akatahiniwa kemia ya kaboni. Alifaulu, akapelekwa maabara. Mpira wa Buna haukupata kutoka katika kiwanda kile, hata kilo moja.

Najua nitakavyojibiwa. Wenzangu watasema kampuni ileile ilitupa dawa. Ni kweli. Gerhard Domagk wa Bayer aligundua Prontosil, dawa ya kwanza ya jamii ya salfa, akatunukiwa Nobel mwaka 1939, ambayo serikali yake ilimlazimisha kuikataa. Na sisi Waafrika tuna deni letu: Germanin, dawa ya malale, ilitoka Bayer wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kabla yake palikuwa na Atoksili, ambayo Robert Koch aliitumia katika visiwa vya Sese, Uganda, miaka ya 1906 na 1907, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka. Germanin ilijaribiwa kwa wagonjwa wa Rhodesia ya Kaskazini na Kongo kuanzia mwaka 1921, na kwa miongo mingi ilikuwa tegemeo katika hatua ya mwanzo ya malale ya upande wetu wa mashariki. Lakini wakubwa wa Bayer waliificha fomula yake, na wako Wajerumani waliosema waziwazi kwamba isitolewe mpaka warudishiwe makoloni. Siri ilivunjwa mwaka 1924 na Ernest Fourneau wa Taasisi ya Pasteur, Paris, aliyeitengeneza mwenyewe akaichapisha. Kwa hiyo hata fadhila hiyo huwezi kuieleza vizuri bila kuitaja kampuni na hesabu zake.

Wakuu 23 wa I.G. Farben walihukumiwa Nuremberg mwaka 1948; kumi na watatu walionekana na hatia, na kifungo kirefu kuliko vyote kilikuwa miaka minane. Fritz ter Meer, aliyefungwa miaka saba, alikuwa mwenyekiti wa baraza la usimamizi la Bayer ilipofika mwaka 1956. Jitu liligawanywa, BASF na Bayer ziko hadi leo, na Hoechst iliungana na kampuni ya Kifaransa mwaka 1999. Makao makuu ya Frankfurt sasa ni chuo kikuu. Nilipokuwa nikisomea udaktari Ujerumani nilipita siku moja katika korido zake ndefu zilizopinda, wanafunzi wakinywa kahawa. Katika chuo changu mwenyewe, mji mwingine, nilikuwa nimesomeshwa mtungi wa Bosch muhula mzima, vitundu vyake na bitana yake, na mkataba wa mwaka 1933 haukutajwa hata mara moja. Niliusoma baadaye, kwa hiari yangu.

Mwalimu atauliza: mtihani hauulizi haya, nami nina vipindi vichache, nitayaweka wapi? Sitaki sura mpya katika muhtasari. Nataka kipindi kimoja, baada ya mlingano wa amonia. Mwalimu aeleze mtungi uliopasuka, kisha Leuna na bei ya Texas, halafu aligawe darasa liwe baraza la kampuni mwishoni mwa mwaka 1933. Kundi moja lifunge kiwanda na kuwaachisha wafanyakazi. Kundi jingine litie sahihi. Kila kundi litoe hesabu zake kwa maandishi. Mkataba wa hatima ya 1941 asiwasomee mpaka wamekwisha kupiga kura. Nimelifanya zoezi hili na wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza mara kadhaa, na mara zote waliotia sahihi wamekuwa wengi. Walimu watakaolijaribu katika kidato cha tano au cha sita nawaomba waandike katika jarida hili matokeo yao, hasa wale ambao wanafunzi wao watakuwa wamepiga kura vingine.