Dim Sum ya Jumapili na Haya ya Kuuliza



Ndugu zangu wazazi, na nyinyi wanafunzi mlioko vyuoni, leo nina ugomvi, na wa kwanza kugombwa ni mimi mwenyewe.

Sisi wa Nchelenge tumedekezwa na ziwa. Ukinunua pale au chisense soko la Kashikishi huna la kuuliza. Kuhusu samaki, aya ya 96 ya Surat al-Maida imeshamaliza maneno. Nadhani ndiyo maana tumekuwa wavivu wa kuuliza. Taabu inaanza tukipanda basi. Watoto wetu wanasoma Lusaka na Kitwe, jamaa zetu wa ng'ambo ya ziwa wamehamia Lubumbashi, na miji hiyo yote ina Wachina na migahawa yao.

Mwezi wa Agosti tulikwenda Lusaka kumtembelea kijana wetu, naye na rafiki zake wakatualika Jumapili asubuhi kula dim sum. Sitasema uongo, nilipenda. Visahani vidogo, vikapu vya mianzi vinavyotoa mvuke, birika la chai halikauki. Wakantoni wenyewe matembezi hayo huyaita yum cha, maana yake kunywa chai tu. Nasi je, chai na vitumbua siku ya mapumziko, si ndiyo hiyo hiyo? Mmoja wa wale vijana akasema, "Mzee, tunaagiza vya kamba peke yake, hakuna wasiwasi." Nikapiga Bismillah, nikala. Kumuuliza mhudumu niliona haya. Wenyeji wameshatugharimia, na meza za jirani zinatutazama.

Njiani binti yangu mdogo akaniuliza, "Baba, mle ndani mlikuwa na nini?" Nikamwambia kamba. Akasema, "Umejuaje?"

Sikuwa na jibu, wallahi.

Baadaye nikajifunza, na nawaandikia nilichojifunza ili msijifiche nyuma ya kutojua kama mimi. Siu mai, vile vilivyo wazi juu, kwa kawaida ni nguruwe na kamba pamoja. Char siu bao, mkate mweupe wa mvuke, ndani yake ni nguruwe wa kuchoma. Har gow ndivyo vya kamba, vyenye ngozi inayoonyesha ndani, lakini wapishi wengi huchanganya mafuta ya nguruwe kwenye kamba ili vilainike. Ile keki ya figili huwekwa soseji ya nguruwe. Kuku wa kwenye wali wa majani anaweza kuwa ameloweshwa mvinyo wa mchele, na nani alimchinja? Halafu vikapu vinapangwa kimoja juu ya kingine, mvuke wa cha chini unapanda kwenye cha juu. "Vya kamba peke yake" halikuwa jibu. Lilikuwa ni tumaini.

Najua mtakaloniambia. Mtaniletea hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) iliyoko kwa Bukhari, ya watu walioletewa nyama wasijue kama imesomewa jina la Mwenyezi Mungu, wakaambiwa wao wenyewe wataje jina Lake na wale. Isomeni vizuri. Walioleta nyama ile walikuwa Waislamu wapya katika dini, shaka ilikuwa juu ya Bismillah tu. Hapa tunazungumzia jiko ambalo nguruwe ndiye nyama yake ya kawaida. Bismillah yako haigeuzi mafuta ya nguruwe kuwa ya alizeti! Na hadithi ya Nuuman bin Bashir juu ya mambo yenye shubha sote tuliisoma madrasa, tena kwa kuimba.

Wako na wa upande wa pili. Baada ya swala utamsikia mtu akisema chakula cha Mchina chote ni najisi, basi. Huo nao ni uvivu ule ule, isipokuwa umevaa kanzu. China ina Waislamu wa kabila la Hui zaidi ya milioni 10, na migahawa yao huandikwa qingzhen, neno lao la halali. Guangzhou, mji wenyewe wa dim sum, una msikiti wa Huaisheng, mmoja wa misikiti ya kale kabisa ya nchi ile. Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanaokwenda kule kuchukua mizigo wameswali na kula huko huko. Amiri Zheng He, ambaye merikebu zake zilifika pwani yetu karne ya 15, alizaliwa katika familia ya Kiislamu ya Yunnan. Mtu asituambie tatizo ni Uchina.

Nimemwandikia kijana wangu: kabla ya kutualika tena, aende jikoni aulize mafuta gani, mvinyo upo au haupo, nyama inatoka kwa nani, na vikapu vinatengwa au la. Ameniambia rafiki zake watamcheka. Nikamjibu wacheke, mimi nimeshachekwa na mtoto wa miaka 11.

Na nyumbani tumejaribu wenyewe, kabla ziwa halijafungwa mwezi wa Desemba: unga wa ngano, pale aliyetolewa miiba, tangawizi, vitunguu vya majani, juu ya mvuke wa sufuria. Nusu vilipasuka. Yule binti alikula tisa, lakini kwanza alimuuliza mama yake ametia nini ndani.

Wabillahi tawfiq.