Barua pepe za kazini zahitaji kufuli ya pili, si mlango uliofungwa

SERIKALI ilipowahimiza Wakenya wafanyie kazi nyumbani Machi 2020 kutokana na janga la Covid-19, lilizuka swali ambalo waajiri wengi walikuwa wakilikwepa: mfanyakazi aliye mbali na afisi atazifikiaje barua pepe zake rasmi?

Teknolojia yenyewe si ngeni. Tangu 1997, mtambo wa Exchange wa kampuni ya Microsoft umewawezesha watu kusoma barua za afisini kupitia intaneti. Siku hizi wanapata pia kalenda, anwani za wenzao na nyaraka.

Hata hivyo, mlango unaomwingiza mwenyeji waweza kumwingiza mwizi. Mapema 2021 wadukuzi walitumia dosari za mtambo uo huo kushambulia mashirika mengi duniani. Mamlaka ya Benki ya Ulaya ililazimika kuzima barua pepe zake kwa muda.

Kwa hofu hiyo, baadhi ya wakuu huufunga mlango kabisa. Huko ni kujidanganya. Mwenye kazi ya dharura atazituma nyaraka kwa anwani yake ya kibinafsi, ambako mwajiri hawezi kuzilinda wala kuzifuta. Ilhali Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtwika mwajiri huyo jukumu la kulinda habari za wateja wake.

Dawa ni mbili. Nenosiri liandamane na nambari ya muda inayotolewa kwenye simu ya mfanyakazi. Nayo mitambo irekebishwe punde dosari inapotangazwa. Anayepuuza haya asiilaumu intaneti siri za wateja zitakapovuja.