Tangazo la Mirathi Si Tangazo la Shamba

Niko Kamsamba, bonde la Rukwa, wilayani Momba. Tangu daraja la Mto Momba lituunganishe na Kilyamatundu, marafiki wa mjini wamekumbuka kwamba huku kuna mpunga. Mmoja wa Dar, msomi mzuri tu, kanitumia ujumbe: "Mwandishi, pita mahakamani, soma matangazo ya mirathi, nitajie mashamba. Wafiwa huuza bei ya kutupa. Marekani watu wanatajirika hivyo."

Nilicheka. Kisha nikakasirika.

Jamani, lile tangazo linamwita nani? Warithi, wanaomdai marehemu na mwenye pingamizi. Halikuiti wewe na bahasha yako.

Na huyo msimamizi wa mirathi unayemkimbilia si mwenye mali. Mahakama ya Mwanzo ikimteua, ana miezi minne kuwasilisha Fomu Na. 5, yaani orodha ya mali na madeni ya marehemu. Wewe umeshalipa kabla hata hajaijaza! Umenunua nini? Umenunua kesi. Tena shamba lenyewe ni ardhi ya kijiji: kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, mgeni haliuziwi bila Halmashauri ya Kijiji kuridhia.

Lakini kinachoniuma si hasara yako. Ni mjane. Kanuni za mila zilizoandikwa 1963 zinamnyima fungu. Sheria ya 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke ardhi ya kijiji ni batili. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake iliona kuwa Tanzania imewakosea wajane wawili walionyimwa mirathi. Kwenye kikao cha ukoo nani anayasoma hayo? Shemeji ana haraka, na haraka yake inalipiwa na hela yako. Usingekuwepo, mjane angepata muda wa kufika mahakamani.

Mtasema wapo wafiwa wanaotaka kuuza wenyewe, walipe madeni na ada za watoto. Sawa. Subiri fomu ijazwe, warithi wote wakubali, mjane akiwemo, ulipe bei ya soko. Kama hapo dili limekufa, basi faida yako ilikuwa msiba wa mwenzio.

Mahakamani nitapita, rafiki yangu. Matangazo nitayasoma. Ila nitakayempigia simu ni mjane.